Lipu ya Mwalimu

Sisi tuliokulia migombani kule Kibosho, likizo ya mwezi wa sita tuliijua kwa baridi yake. Asubuhi ukungu ulishuka mpaka kwenye mlango wa jiko, na ukitoka nje pumzi yako unaiona. Tulipewa chai ya maziwa kwenye vikombe vya bati, tukavikumbatia kwa viganja viwili, halafu kazi: kukata majani ya ng'ombe, kuchota maji mferejini, kuchambua mnafu wa mboga ya mchana. Hakuna aliyetuuliza tunajisikiaje. Wanangu siku hizi nikiwaambia watoe takataka wananijibu, "Mama, dakika mbili," na dakika mbili za vijana wa leo zinafika mpaka wakati wa chakula.

Katika likizo zote hizo, inayonirudia mara nyingi zaidi ni ile ya kipaimara cha dada yangu Felista. Mimi nilikuwa na miaka tisa. Ndiyo likizo ambayo Baba aliamua kupiga lipu ukuta wa bustani kwa mikono yake mwenyewe.

Baba alikuwa mwalimu wa sayansi katika shule ya msingi pale kijijini. Alikuwa mtu mwema sana, ila hakupenda kuelekezwa na mtu. Bustani ilikuwa ya Mama, mbele ya nyumba, kando ya njia ya kwenda kanisani: mnafu, karoti, vitunguu, na mstari mmoja wa mawaridi ambao hatukuruhusiwa hata kuunusa bila ruhusa. Kuizunguka palikuwa na ukuta wa mawe uliojengwa na babu ili kuzuia mbuzi. Mama alitaka ukuta ule upigwe lipu na kupakwa chokaa kabla wageni wa kipaimara hawajafika.

"Baba Felista, tumwite Aloisi," alisema.

Aloisi alikuwa mtoto wa jirani yetu, nyumba ya tatu kupanda juu. Alikuwa amehamia Rau, na watu wa Moshi mjini walimgombania kwa ufundi wake. Lakini Baba aliwahi kumfundisha.

"Aloisi yupi? Yule aliyeshindwa kugawanya sita kwa mbili?"

Baadaye jikoni Mama alimwambia Felista, nami nikisikia, jambo ambalo sikulijua: kwamba Aloisi alipokuwa darasa la saba, Baba alimsimamisha mbele ya wenzake akamwambia, "Kichwa chako kimejaa mchanga mtupu." Darasa zima likacheka. Kesho yake Aloisi hakuja shule, wala keshokutwa. Hakurudi tena.

Basi Baba akafanya kazi mwenyewe. Mchanga aliuchota pembeni ya mto, akauchanganya na simenti kwenye karai kubwa, akavaa kofia ya magazeti kama alivyoona mafundi wanavyofanya. Hakuusugua ukuta, hakuulowanisha. Aliyabandika yale matope juu ya mawe yenye kuvu, kwa unene wa mkate, huku akitueleza habari za nguvu ya mvutano. Jioni ya siku ya pili alirudi nyuma hatua tano, mikono kiunoni.

"Mnaona? Akili tu."

Ukuta ulikuwa na mawimbi, lakini tuliusifia. Mama alisema umependeza, kisha akaingia ndani haraka.

Jumapili iliyofuata, watu walipokuwa wanarudi kutoka misa ya kwanza, mbuzi wa jirani alikuja kujikuna kwenye ukuta. Alijikuna mara moja, ya pili, na mara ya tatu kipande kikubwa kama mlango kikabanduka na kuanguka juu ya mnafu. Mbuzi akakimbia. Sehemu ya pembeni nayo ikafuata, halafu nyingine, taratibu, kama mtu anayevua koti. Wanakwaya walisimama njiani na vitabu vyao mkononi. Hakuna aliyecheka kwa sauti, na nadhani hilo ndilo lililomuumiza Baba zaidi.

"Mbuzi ndiye mwenye makosa," alisema, akaingia ndani kuvua tai.

Zilibaki siku sita kabla ya kipaimara. Mama hakubishana naye tena. Alituma salamu Rau, na Jumatatu saa mbili asubuhi Aloisi akaingia uani na mfuko wa vifaa begani. Alikuwa mrefu, mpole, amenyoa vizuri. Baba alimwona kwa mbali, akajitosa kwenye mibuni na kuanza kupogoa matawi ambayo tayari alikuwa ameyapogoa wiki iliyopita.

Aloisi alimfuata huko huko. "Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba." Baba hakugeuka.

Aloisi akarudi ukutani. Aligonga lipu iliyobaki kwa mpini wa nyundo, akiweka sikio, na kila penye sauti ya debe tupu aliibandua. Haikubaki hata sehemu moja. Kisha akachukua konzi ya ule mchanga wa Baba, akaniomba chupa ya kioo. Nilimletea ile ya maji ya baraka, bahati nzuri ilikuwa tupu. Akatia mchanga, akajaza maji, akatikisa, akaiweka juu ya jiwe.

Wakati huo Baba alikuwa amekaribia. Hakuweza kujizuia, jaribio ni jaribio. Tulisimama wote tukiitazama chupa. Mchanga ulitua chini kwanza. Baada ya muda juu yake likatanda tabaka nene la udongo mwekundu, laini kama uji.

"Udongo ni mwingi, Mwalimu," alisema Aloisi. "Simenti haishiki. Na mawe yalikuwa na kuvu, makavu, yamenyonya maji yote."

"Hii ya chupa umefundishwa na nani?" aliuliza Baba.

Aloisi alimtazama kama haelewi swali. "Si wewe? Kutenganisha michanganyiko. Darasa la sita."

Baba alichuchumaa mbele ya chupa. Nilisikia maji ya mferejini.

"Kumbe ulikuwa unasikiliza."

"Nilikuwa nasikiliza, Mwalimu. Kuandika ndiko kulikonishinda."

Baba akavua kofia. Sijawahi kumwona amevua kofia nje kwa mtu aliye mdogo kwake. Mimi na Felista tulikuwa pale pale, na Mama alikuwa mlangoni na beseni la ndizi za kupika na maharage, kiburu chetu, lakini Baba hakutufukuza wala hakumvuta Aloisi pembeni.

"Kuna neno nilikuambia darasani," alisema. "Unalikumbuka."

"Nalikumbuka."

"Nilikukosea. Nisamehe, Aloisi."

Aloisi aliinamia ukuta, akakwangua kuvu kwenye ufa mmoja mpaka jiwe likawa jeupe. Alikwangua muda mrefu. Aliponyanyuka macho yake yalikuwa na maji, na sauti ilikuwa ya kawaida kabisa.

"Mwalimu, tafuta mchanga mwingine. Huu haufai."

Baba akachukua ndoo mbili. Siku hiyo alishuka mtoni na kupanda mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, akauosha mchanga, akauchekecha, akauleta kwa fundi wake. Aloisi aliulowanisha ukuta, akautupia rojo jepesi la simenti lililoshika kama upele, akauacha ulale. Kesho yake ndipo akapiga lipu yenyewe, nyembamba, mwiko ukiteleza kama kisu kwenye siagi. Kila alipohitaji kitu aliita, "Mwalimu!" na Baba aliitika, "Naam, fundi!" Sisi tulipewa kazi ya kuufunika kwa magunia na kuyamwagia maji asubuhi na jioni, na tulimwagiana zaidi sisi wenyewe.

Siku ya kipaimara ukuta uling'aa kwa chokaa. Baba aliwaonyesha wageni wote, mmoja mmoja, na kumwambia kila mmoja jina la aliyeupiga lipu.

Ukuta upo mpaka leo. Baba hayupo. Tulipomzika pale kihambani, kwenye shamba la ukoo, Aloisi ndiye aliyejenga kaburi, mvi kichwani, na hakukubali fundi mwingine aguse mwiko.

Mwaka jana nami nilijengewa ukuta, nyumbani kwangu Shirimatunda. Kazi nzuri, imenyooka kuliko ya kina Aloisi, nitakuwa mwongo nikisema vingine. Fundi nilipewa namba yake, tukaelewana kwa simu, akaja nikiwa kazini, akamaliza nikiwa kazini. Wanangu walikuwa ndani na simu zao. Nilipowauliza yukoje, mmoja alisema ni mrefu, mwingine akasema hapana. Juzi nilitaka kumpigia, kumwambia tu kwamba mvua zimepita na hakuna ufa hata mmoja. Nikamtafuta kwenye simu nikamwona. Nimemwandika "Fundi Lipu". Nilikaa na simu mkononi nikijaribu kukumbuka kama niliwahi kumuuliza jina.