Chupa Tatu Chini ya Kuku

Jirani yangu alikuwa mjane aliyefunga mabunda ya miraa ya kuuza karibu na Laare, na kwa kazi hiyo alisomesha watoto wake. Mnunuzi wake alikuwa mmoja tu, kijana wa pikipiki kutoka Maua. Asubuhi moja kijana huyo alimletea malalamiko.

"Mama, wateja wangu tumbo linawaendesha. Nikisikia tena, nitatafuta mfungaji mwingine."

"Matumbo yao yameharibiwa na chipsi za mjini. Usiisingizie miraa yangu."

Nyumbani kwake hakuna aliyekunywa maji yasiyochemshwa. Lakini majani ya migomba ya kufungia aliyasuuza mtoni, ng'ombe wanapokunywa, kisha akanyunyizia mabunda maji yayo hayo yasinyauke. Sote tulifanya hivyo. Miraa hutafunwa mbichi, lakini kwetu si chakula, basi maji yake hakuna aliyeyafikiria.

Mimi nilikuwa nimejisomea habari za bakteria katika vitabu vikuukuu vya sokoni. Nilijua kwamba maji ya mto hayawakosi, na kwamba wengi wao hawana neno na mtu. Wanaotisha ni wale watokao matumboni. Afisa wa afya alikuwa amenipa vichupa vyenye karatasi ya dawa, ambayo hugeuka nyeusi ikiwakuta hao. Nilijaza kimoja maji ya mto, cha pili maji ya chemchemi iliyo juu ya shamba, cha tatu maji yaliyochemshwa. Vilihitaji joto kama la mwili, nami sikuwa na mtambo. Nikaviweka chini ya kuku wangu aliyekuwa akiatamia.

Jirani alicheka hadi akakaa chini. "Mzee, vikitotoa, nitengee jogoo."

Kuku hakulalamika. Nilipovitoa, cha mto kilikuwa cheusi kama masizi; viwili vingine vilibaki vilevile. Jirani alikitazama, akafungua kifuniko kabla sijamzuia, akanusa.

"Hili ni yai viza."

"Ndiyo harufu yao. Sasa nenda unawe kwa sabuni."

Alinawa, akachukua mtungi, akapanda chemchemini.

Kijana aliporudi, alikagua mabunda kwa mashaka na kuuliza yamenyunyiziwa maji gani. Jirani alimnusisha kile kichupa.

"Ya zamani ndiyo haya. Ya leo yanatoka juu kule. Unapakia, au nimwite mnunuzi wa Mutuati?"

Kijana alirudi nyuma hatua mbili, akapangusa pua kwa mkono wa koti, akaanza kupakia.