Jiwe la Babu Lilikuwa Kavu

Jiwe lilikuwa kavu. Kavu kama mfupa uliosahauliwa juani.

Na jiwe likiwa kavu, maji yale hayaui mtu. Hivyo ndivyo tulivyoamini nyumbani kwetu miaka arobaini.

Siku hiyo jiwe lilikuwa kavu, na mjukuu wangu akafa.

Kaeni vizuri. Mimi shule yangu ni ya msingi, nikikosea herufi mnisamehe, lakini hapa sijatia chumvi hata punje.

Mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka kwetu, katikati ya pori, kuna maporomoko. Chini yake kuna bwawa ambalo hakuna binadamu aliyelichimba. Maji maangavu, unahesabu kokoto. Ila mvua ikinyesha huko milimani, maji yanapanda kimyakimya na kwa chini yanavuta. Yanakupeleka pale yanapoangukia. Ukifika pale, ndiyo basi tena.

Marehemu mume wangu alikuwa mwashi. Alichagua jiwe moja ukingoni akalipaka chokaa. Kila kiangazi alikwenda na ndoo na brashi yake kulipaka upya. Sheria ilikuwa moja tu: jiwe likionekana, oga. Likifunikwa, geuza ulikotoka.

Wajukuu niliwafundisha kwa njia yangu.

"Kitendawili!"

"Tega!"

"Askari wangu hana mdomo, lakini akizama nakimbia."

"Jiwe la Babu!"

Aliyewahi kujibu siku zote alikuwa Chiriku. Tulimwita hivyo kwa sababu alikuwa haishiwi maneno. Miaka kumi na tisa, anajifunza ushonaji, pini zimejaa mdomoni na bado anaongea.

Jumapili moja akaamua kwenda kuogelea na kaka yake, dereva wa lori. Dereva alikuwa hajakanyaga kule tangu babu yake afariki, kazi za barabarani unazijua. Nikasema nami nakwenda.

"Bibi, hayo magoti si yalishastaafu?" dereva akaniuliza.

"Yamestaafu, hayajafa. Tangulia."

Njia nzima Chiriku alikuwa nyuma yangu, ananishika kiuno kwenye miteremko na kunichokoza. "Bibi, ukianguka sikubebi. Nakuviringisha mpaka bwawani!"

"Nani atakayekupikia ukirudi, mpumbavu wewe?"

Tukacheka. Mungu anajua, tulicheka sana siku ile.

Juu ya bwawa magoti yakagoma. Nikakaa kwenye mzizi. Kutoka pale maji huyaoni, unasikia mngurumo tu.

"Leo yananguruma kweli," Chiriku akasema.

"Maji kazi yake kunguruma. Tazameni jiwe kwanza."

Wakashuka. Baada ya muda sauti ya dereva ikapanda: "Liko nje, Bibi! Kavu kabisa! Tuingie?"

Sikufikiri mara mbili.

"Ingieni!"

Nikasikia kicheko cha Chiriku.

Kisha nikasikia maji peke yake.

Kisha dereva akamwita. Mara ya kwanza kwa sauti ya mwanaume. Mara ya tatu kwa sauti ya mtoto.

Alitolewa siku ya pili. Wanaume saba, kwa kamba.

Baada ya mazishi, mkwe wangu, mama yao, akamkazia macho mwanawe.

"Jiwe uliliangalia, au uliangalia simu?"

"Mama, lilikuwa kavu."

"Muongo! Kavu halafu yakamla?"

Wajomba nao wakamshukia. Ukoo mzima ukakubaliana kwamba dereva alimuua dada yake kwa uzembe. Akaacha lori. Akajifungia chumbani, siku nzima kaugeukia ukuta. Nikimpelekea chakula anauliza swali lilelile.

"Bibi, jiwe nililiona, au sikuliona?"

Nami najibu, "Kula, mwanangu."

Miezi miwili nilijibu hivyo. Jibu nilikuwa nalo.

Mwaka mmoja kabla ya hapo, mume wangu alipotimiza mwaka kaburini, nilichukua ndoo yake na brashi yake nikaenda peke yangu. Sikutaka jiwe lake life naye. Nikakuta chokaa imetoka yote, jiwe limekuwa la kijivu kama wenzake. Nikajaribu kulishukia, magoti yakakataa katakata.

Palikuwa na jiwe jingine, hatua mbili juu yake. Umbo lilelile.

Nikasema, hatua mbili ni nini?

Nikalipaka. Nikarudi nyumbani najisifu. Sikumwambia mtu, maana niliona haya kusema nimeshindwa kushuka.

Ukingo ule ni mkali. Hatua mbili ni kimo cha mtu mzima.

Dereva aliliona jiwe. Ila lilikuwa jiwe langu. La babu yake lilikuwa limeshazama zamani.

Jioni moja nilisikia mkwe wangu akimwambia mlangoni, "Bora maji yangekuchukua wewe." Nikawaita wote sebuleni, nikasimama, nikasema yote kama nilivyoyaandika hapa.

Wakainuka mmoja mmoja, wakatoka. Laiti wangenipigia kelele.

Alfajiri dereva akachukua nyundo kubwa ya babu yake, akaondoka. Aliporudi, mikono yake ilikuwa myeupe kwa chokaa mpaka kwenye viwiko. Siku hizi amerudi barabarani. Akipita huku kwetu, analala kwa rafiki yake.

Mkwe wangu ananiandalia chai, anaiweka mezani, anaondoka. Ameacha kuniita mama.

Ndugu zangu, ukisogeza alama, hata kwa hatua mbili, hata kwa mapenzi, waambie wanaoifuata kabla hawajavua viatu. Aibu ya magoti ingeniuma siku moja tu. Hii nitazikwa nayo.

Zamani katika nyumba hii nikisema "Kitendawili!" niliitikiwa hata na aliyekuwa bafuni.

Jana nilijaribu. Nilikaa mpaka chai ikapoa, hakuna aliyesema "Tega."