Kasiksi ya Yaya

Ukitaka kujulikana kila nyumba hapa Bukavu, usicheze mutu muzuri. Miye nimeyaona. Dada yangu mukubwa, ambaye namuita Yaya, alicheza filamu nne za watu wema: mama wa kanisani, mujane muvumilivu, sijui nini. Hakuna aliyegeuka kumutazama njiani. Ya tano wakamupa mama mukwe mubaya, basi! Filamu ikahama simu kwa simu, toka Kadutu hapa mujini mpaka Miti kule vijijini. Sokoni wakawa wanamusonya na kumuita kwa jina la yule mama.

Kwetu, ukimukaribisha mugeni kasiksi, ile pombe ya ndizi, unaionja kwanza mbele yake, ajue hakuna karuho, sumu inayoua polepole. Hata padri utamuonjea. Sasa kwenye filamu Yaya anaonja vizuri kabisa, anacheka, kisha anapitisha kikombe kwa mukamwana na kutumbukiza ndani ukucha wenye karuho. Mutoto wa watu anakufa nusu ya filamu nzima.

Halafu siku moja mchana wakaja wakwe toka Miti kumuposa binti yake. Ni mutoto wake wa pekee, amemulea peke yake, na binti alimupenda yule kijana anayemuposa, mwalimu, mpaka chakula hakipiti. Yaya akatoka jikoni na kasiksi. Baba mudogo wa kijana akamuona, akavuta kiti chake nyuma. Yaya akaonja, akatabasamu, akamunyooshea kikombe.

Mungu wangu, lile tabasamu! Lilikuwa lilelile.

Mikono yote ilibaki magotini. Na mugeni akikataa kinywaji chako, amekataa nyumba yako, posa imekwisha. Binti alikuwa mulangoni, ameuma kitambaa chake. Yaya akaonja tena. Ikawa mubaya zaidi. Nikapaza sauti, "Ile ni filme, baba! Filme! Munaogopa nini, batu bazima?"

"Maman, siye hatukatae," baba mudogo akasema, macho chini. "Tulikunywa tayari kule njiani."

Uongo mutupu, midomo ilikuwa imewakauka.

Ndipo koko wa kijana, bibi muzee aliyekaa pembeni na rozari yake, akanyoosha mukono. "Leta hapa. Ule binti uliua ku filme, nilimuona juzi ku soko anagombania bei ya samaki ya ndagala. Amenona kunipita!"

Akanywa. Akanywa mpaka chini, akafuta mudomo, akamurudishia kikombe. Watu wakacheka kwa aibu, baba mudogo akaomba chake, na binti akakimbilia jikoni kulia. Nikashukuru Mungu, nikadhani yameisha.

"Lakini maman," koko akasema, "jina lako ni nani? Si lile la ku filme. La kwako."

Kijana akatazama viatu vyake. Kwake Yaya kila siku ni Maman tu. Nikatafuta na miye ni lini nilitamka jina lake mara ya mwisho. Sikukumbuka, na niliona haya.

Yaya akalisema polepole. Koko akalirudia mara mbili, asije akalisahau, kisha akamuita kwalo aje kukaa karibu naye.

Yaya akakaa, akalia. Kwenye filamu huwa wanamupaka kitunguu machoni ndipo machozi yatoke. Siku ile hakuna aliyeleta kitunguu.