Siku Niliyofungua Kabureta ya Serikali

Nimeaibika mara nyingi maishani, sikatai, lakini aibu ya ile asubuhi ya Isiolo mpaka leo nikiikumbuka nikiwa peke yangu huwa nakohoa kidogo, kana kwamba kuna mtu chumbani ananitazama. Afadhali niwasimulie mwenyewe, maana waliokuwepo wamesimulia sana, na wameongeza chumvi mahali ambapo haikuhitajika.

Ilikuwa miaka ya shifta, wale waasi wa kaskazini waliokuwa wakivamia magari njiani. Mimi nilikuwa mwalimu kijana, nimeshuka kutoka Meru na cheti kimoja na suruali mbili, nafundisha historia na hesabu katika shule moja pale mjini. Siku zile gari halikuenda kaskazini peke yake. Magari yalikusanyika kwenye kizuizi, yakaondoka kwa msafara, askari mbele na askari nyuma, na ukiachwa na msafara umeachwa, unangoja siku tatu, nne, wakati mwingine wiki.

Basi Hedimasta wetu, Mzee M'Ikiara, akatusomea barua kutoka Nairobi. Afisa wa elimu anakuja kuangalia kama masomo yetu yanalingana na kazi zilizopo, kwa sababu mafundi Wazungu walikuwa wanarudi kwao, mafundi wa Nairobi walikuwa wanaogopa kuja kwetu, Landrova za serikali zimelala kila mahali kama ng'ombe wa kiangazi, na sisi huku tunakaririsha watoto mito ya Uingereza. Shule itakayoonyesha kwamba inafundisha kazi ya mikono, wanafunzi wake wanane watapelekwa kusomea umakanika kwa gharama ya serikali. Hedimasta akavua miwani, akauliza nani kati yetu anajua injini.

Nikainua mkono.

Msiniulize kwa nini. Wiki hiyo nilikuwa nimechelewa kazini mara tatu na nilitaka Mzee anione kwa jicho lingine. Tena si kwamba nilidanganya kabisa (hivi ndivyo nilivyojiambia), kwa sababu likizo moja nilikaa Nkubu kwa mjomba wangu aliyekuwa akitengeneza lori, ingawa kusema kweli yeye alikuwa chini ya lori na mimi nilikuwa juu kwenye kiti cha dereva nakula ndizi.

Wiki mbili nzima nikachora injini ubaoni. Ilipendeza, ile injini, ila ilifanana na figo. Darasani kulikuwa na mwanafunzi mmoja anaitwa Halkano (wakati ule watoto wa wafugaji walianza shule wakiwa wakubwa, Halkano alikuwa ananyoa ndevu na mimi bado nazingoja zangu), na kila mara aliinua mkono.

"Mwalimu, hiyo bomba ya petroli umeingiza kwa redieta."

"Keti chini, Halkano."

Alikuwa mtoro, isitoshe, kila wiki anakosa siku moja na kurudi na mikono myeusi kama sufuria, na mimi nilikuwa nimeshamchapa kwa uchafu na kwa utoro.

Siku ikafika. Afisa, Bwana Mwakio, alikuja asubuhi na suti safi, Landrova yake ikasimama katikati ya uwanja, na dereva akaomba ruhusa akatafute chai mtaa wa Bulla Pesa. Msafara wa Marsabit ulikuwa unaondoka saa nne na Bwana Mwakio alitakiwa awemo. Akaitazama figo yangu ubaoni, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akasema, "Vizuri sana, Mwalimu. Sasa tuonyeshe kwa gari lenyewe."

Hapo ningeweza kusema dereva hayupo, au tumbo linaniuma, au chochote, lakini Hedimasta alikuwa anatabasamu (sikuwahi kuona meno yake kabla ya siku hiyo), basi mimi nikaitisha spana.

Nilifungua boneti, nikaona kitu kimoja kilichokaa karibu, nikasema, "Hii inaitwa kabureta," na kwa bahati mbaya ilikuwa ni kabureta kweli, jambo lililonipa moyo. Nikaifungua. Nikawapa watoto vipande wapitishiane, nikaeleza kila kimoja kwa sauti ya mtu anayejua, nikafika mwisho, nikasema sasa tunarudisha, na ndipo nikagundua kwamba kufungua na kurudisha ni masomo mawili tofauti. Nikahangaika mpaka jasho likaingia machoni, na nilipohesabu vipande na matundu, jeti haikuwepo, kile kijiti cha shaba chenye tundu ambacho petroli hupitia, kidogo kama punje ya mahindi.

"Bila hiyo itawaka?" akauliza Bwana Mwakio.

Halkano akajibu kabla yangu. "Haiwaki."

Saa tatu na nusu. Tukalala chini, darasa zima, vifua mchangani, tunapapasa. Hedimasta akalala. Bwana Mwakio naye, na suti yake, akalala. Na wakati huo huo askari wa msafara wakaja kuuliza afisa amekwama wapi, wakakuta shule nzima imelala kifudifudi kimya, nao wakajitupa chini, bunduki mbele.

"Wako upande gani?" koplo akanong'ona karibu na sikio langu.

"Nani, afande?"

"Hao shifta mnaojificha wasiwaone."

"Hatujifichi. Tunatafuta kitu cha kabureta."

Nikaingiza mkono kwenye mfuko wa shati ninamoweka chaki, nitoe leso nijifute jasho, na vidole vyangu vikagusa jeti. Ndugu zangu, hapa ndipo ningekuwa mtu mzima. Badala yake niliiangusha polepole mchangani, nikaihesabia mpaka kumi, nikasema, "Nimeipata."

Halkano akaiokota, akaigeuza. "Imejaa chaki, Mwalimu," akasema kwa upole, akaipuliza, na mbele ya wote akairudisha kabureta yote kwa dakika ambazo hazikufika kumi. Gari likawaka.

"Umejifunza wapi?" Bwana Mwakio akamwuliza.

"Gereji ya Mhindi. Ile siku Mwalimu anasema niko mtoro."

"Na ukirudi shule?"

"Ananichapa."

Honi za malori zilisikika kutoka kizuizini, afisa akajipangusa mchanga, akaandika kitu kirefu kwenye daftari lake, akaondoka. Kufikia adhuhuri wauza maziwa walikuwa wananiita Mwalimu Spana.

Barua ilirudi baada ya mwezi: nafasi nane tumepewa, Halkano wa kwanza, na yule mwalimu wa injini apelekwe gereji kila Jumamosi mpaka ajue. Nilienda. Jumamosi ya kwanza, pale pale kwa Mhindi, Halkano, ambaye safari yake ilikuwa bado, kwa heshima zote alinipa ufagio.

Tangu hapo sijafundisha kitu ambacho mikono yangu haijakifanya, wala sijagusa fimbo. Miaka mingi baadaye nilimwomba Halkano msamaha kwa zile nilizomchapa, akacheka, akaniambia nisijali, hakuzisikia, kwa sababu hata kuchapa, Mwalimu, ulikuwa hujui.