Keren-hapuki wa Vyerehani

Kanisani alipewa jina la bibi yake, lakini jina hilo halikumaliza hata wiki. Baba yake, fundi wa kutengeneza vyerehani vilivyoharibika, alikuwa na jina lake moyoni. Alilitoa mwishoni kabisa mwa kitabu cha Ayubu, mahali ambapo wasomaji wengi huwa wameshachoka: Keren-hapuki, binti wa tatu wa Ayubu, aliyezaliwa mateso yalipokwisha.

Mtaani jina likapata ajali. Watoto walimwita Keren-kapuku. Mwalimu wa darasa la kwanza, ambaye miwani yake ilikuwa na ufa, alisoma "Kerani", na hilo ndilo lililoshika. Hadi leo mgeni akiambiwa, "Peleka cherehani chako kwa Kerani," hudhani ni karani, akatafuta mtu mwenye tai na meza ya ofisi. Anachokuta ni mwanamke aliyelala chali sakafuni, bisibisi mdomoni, akichungulia matumbo ya mashine.

Maana ya jina aliijua akiwa msichana mkubwa, siku mhubiri mgeni alipoeleza kwamba Keren-hapuki ni pembe ya wanja, chombo ambacho wanawake wa kale walitilia wanja wa macho. Kanisa zima likageuka kumtazama. Kerani alikuwa ametoka kazini mbiombio, na grisi ilikuwa imemchora mstari mweusi kutoka jichoni hadi sikioni.

"Kumbe wanja wenyewe ndio ule!" alinong'ona mama mmoja, kwa mnong'ono uliofika mpaka kwenye kwaya.

Alirudi nyumbani amenuna. "Baba, mwanao wa kike umemwita kichupa?"

"Maana sikuijua, mwanangu. Mimi nilipenda mstari unaofuata. Kausome."

Kwa hasira, hakuusoma.

Miaka ikapita, mikono ya mzee ikaanza kutetemeka hata uzi haukuingia tena kwenye sindano. Akawaita wanawe watatu karakanani: kaka mkubwa aliyeuza magodoro, kaka wa pili aliyekuwa muuguzi, na Kerani.

Kaka mkubwa hakungoja. "Baba, chumba hiki kinatazama barabara. Tuachie mimi na mdogo wangu, nipange magodoro. Dada ataolewa, atapata huko aendako."

Mzee akampa Biblia. "Soma hapo. Kwa sauti."

Akasoma jinsi binti za Ayubu walivyokuwa wazuri kuliko wanawake wote wa nchi ile, kisha sauti ikapungua: baba yao akawapa urithi pamoja na kaka zao. Kerani akainua kichwa.

"Na hao kaka zao waliitwa nani?" kaka mkubwa akauliza, akitafuta pa kushika.

"Majina yao hayakuandikwa," alijibu mzee.

Muuguzi alicheka mpaka akaegemea meza. "Kaka, shukuru wewe unalo!"

Mzee akakata shauri: chumba ni cha wote watatu, kazi ni ya Kerani. Kaka mkubwa akatoka mdomo umemvimba, na masika yote hakukanyaga pale.

Kilichomrudisha ni cherehani cha mke wake, kilichogoma katikati ya kushona sare za kwaya. "Mimi na wifi yangu hatujagombana," mke alimwambia. "Uliyenuna ni wewe, basi kibebe wewe."

Akakibeba begani, jasho likimtiririka.

"Karibu, kaka," Kerani alisema. "Kiweke hapo. Nishikie taa."

Akashika. Dada yake akafungua sehemu ya chini, akachomoa kipande cha sindano iliyovunjika na donge la uzi kubwa kama kiota, akatia mafuta, akazungusha gurudumu. Likaenda kama maji.

"Hivi haya yote ulijifunza lini?"

"Wakati wewe ukitumwa mafuta unajificha chooni."

Akacheka bila kupenda, na alipokwisha kucheka, kinyongo hakikujua kirudie wapi. "Huo ukuta wa nyuma," akasema taratibu, "magodoro mawili matatu si yanaweza kusimama?"

"Yasimame. Ila sigara uvutie nje."

Sasa magodoro yamejipanga pale nyuma ya vyerehani, na wateja wa huku hununua vya kule. Mzee amejipa kazi ya ukaguzi. Kila mchana hulala kwenye godoro jipya, akikoroma mbele ya wateja, na kaka mkubwa huwaambia, "Mnasikia wenyewe. Mnataka ushahidi gani zaidi?"