Tulivyovunja chungu cha marehemu mama ili ua lake lipone

Wakuu, habari za asubuhi. Naandika huku manyunyu yakigonga bati taratibu hapa kwetu Mafiga, Morogoro. Ninayoyasimulia yalitokea humu humu ndani, na sijaongeza chumvi.

Mama yangu alifariki mwaka juzi. Aliacha ua moja sebuleni, lile la majani mapana linalotoa ua jeupe mfano wa kijiko. Wauza maua wanaliita peace lily.

Alilipanda kwenye chungu cha maji cha bibi mzaa mama, kilichoshushwa kutoka milimani siku mama alipoolewa, akakitoboa tundu chini. Kina tumbo pana na shingo nyembamba.

Baba ni mstaafu wa reli, si mtu wa maneno mengi. Kila asubuhi alilimwagilia, kisha akakaa nalo. Ukungu wa Uluguru ukishuka, sebule inakuwa ya kijivu laini, na ukimtazama kutoka mlangoni ungedhani kuna watu wawili wanaopiga soga bila sauti.

Mwaka huu ua likaanza kunyauka. Ukimwaga maji, yanapita moja kwa moja hadi kwenye sahani.

Nikainua chungu, nikachungulia. Mizizi ilikuwa imetokeza kwenye tundu la chini. Root bound, wakuu. Ndani udongo umekwisha, imebaki mizizi kukumbatia mizizi.

"Baba, linahitaji chungu kingine."

"Halitoki humo," akajibu.

Kweli. Kwa shingo ile, ukivuta unakata mizizi yote. Nikamwambia basi tukivunje. Akakirudisha chungu mahali pake.

Sikumsukuma. Utamwambiaje mtu avunje kitu alichokabidhiwa na wakwe? Majani yakazidi kuwa ya njano.

Asubuhi moja nikamkuta barazani, chungu kiko katikati ya miguu yake, nyundo mkononi.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Shika majani, yasiumie."

Akagonga polepole, kama anayebisha hodi kwa mgonjwa. Chungu kikaachia.

Mizizi ikabaki imesimama na umbo lile lile la chungu, tumbo na shingo, myeupe, inanukia mvua. Baba akaishika kwa mikono miwili, akatulia hivyo kwa muda mrefu. Mimi nikaangalia mlima.

Nilikuwa nimenunua chungu kikubwa cha plastiki ili nisirudie kazi. Tulipoliweka, ua likapotea humo.

"Udongo wote huu ukilowa," baba akauliza, "nani atakunywa maji yake?"

Alikuwa sawa. Maji yakituama, mizizi inaoza. Tukaenda kutafuta kingine, kipana kuliko ile mizizi kwa vidole viwili tu kila upande, chenye matundu chini. Tukailegeza mizizi, tukaweka udongo mpya wenye samadi iliyooza vizuri.

Mwanzoni lilizubaa, nami nikakosa raha. Kisha jani jipya likajikunjua.

Siku hiyo baba alinifuata jikoni. "Mama yako alikuwa anaogopa madaraja," akasema. "Kule kwao, kila tukifika mtoni ananishika shati."

Akaendelea. Chai ikapoa. Nikawa namsikiliza akinieleza habari za msichana ambaye sikuwahi kukutana naye.

Nilichojifunza: ua likibanwa lihamishe mapema, kwenye chungu kikubwa kidogo tu kuliko cha kwanza. Na mfiwa usimharakishe, lakini kaa karibu uwe wa kushika majani.

Wenye maua ya kurithi, njooni mseme: ninyi mliyahamishaje, na ilibidi mvunje nini?