Pasipoti ya Kwenda kwa Yaya

Kabla ya simu ile ya Lusaka sikuwahi kuitaka pasipoti. Mtu wa Gisenyi, mpakani mwa Rwanda na Kongo, ataitaka ya nini? Nchi ya pili iko mwisho wa mtaa. Mimi ni fundi cherehani, nusu ya wateja wangu wako Goma, na nikiwa na magauni ya kupeleka navuka asubuhi kwa kitambulisho, adhuhuri niko nyumbani napika maharagwe. Nimetoka nje ya nchi mara nyingi kuliko mabalozi. Kwa hiyo shemeji aliponipigia kuniambia niende haraka, nilimjibu nakuja, kana kwamba Lusaka nayo iko nyuma ya forodha yetu.

Shemeji ni mume wa dada yangu mkubwa. Wana duka la vyakula huko Zambia, miaka mingi sasa. Alisema dada ana uvimbe kichwani, madaktari wanataka kumpasua, na wamesema zisipite wiki mbili. Ila dada amekataa kusaini.

"Anasema mupaka akuone," shemeji alisema. "Mi nimechoka kumubembeleza. Kuja."

Nikafunga cherehani na kwenda kwa mama mmoja mwenye kibanda cha huduma za mtandao karibu na soko. Aliingiza namba ya kitambulisho changu, na fomu ikajijaza yenyewe majina ya wazazi.

"Mama yako ni huyu?" aliuliza, akinigeuzia kioo cha kompyuta.

Nilikuwa najua nitakachokiona. Palikuwa na jina la dada yangu.

Mambo yalikuwa hivi. Tuliporudi kutoka Masisi, huko Kongo, baba alikuwa hayupo, na mama tulikuwa tumemzika huko huko. Mimi nilikuwa na miaka tisa, dada ishirini na mmoja. Kwenye foleni ya kuandikisha waliorudi mtu akasema kwamba watoto wasio na wazazi wanapelekwa kituo cha yatima. Labda ilikuwa kweli, labda ulikuwa uvumi wa foleni. Sisi hatukungoja kujua. Dada alipofika mezani alisema mimi ni mwanawe, na ili hesabu ikubali akajiongezea miaka minane. Hakuna aliyeuliza, maana kwetu kila mtoto ana jina lake, hakuna jina la ukoo la kumfunga mtu na mwingine. Kitambulisho kikatoka hivyo, na hadi leo yaya anabeba miaka minane isiyo yake. Yaya ndivyo tunavyomwita dada mkubwa, sisi tuliokulia Kongo.

Barua ya hospitali, niliyoambiwa itaharakisha pasipoti, ilifika kwenye simu siku mbili baadaye. Niliichapisha, nikaenda nayo kwa ofisa wa uhamiaji kuomba pasipoti ya dharura. Ofisa alikuwa mtu wa kwetu aliyekulia Tanzania, mwenye Kiswahili kilichopigwa pasi. Alisoma barua, akaangalia kompyuta, akarudi kwenye barua.

"Ndugu yangu, barua inasema mgonjwa anamhitaji mdogo wake. Rejista inasema mgonjwa ni mama yako mzazi."

Nilimweleza yote, toka Masisi hadi mezani. Alinisikiliza bila kunikatiza, nami nikaanza kupata matumaini.

"Pole sana," alisema. "Rejista hurekebishwa, lakini njia yake ni ya mahakamani, na wewe huna muda huo. Mimi siwezi kupeleka Kigali karatasi mbili zinazopingana."

Alisema kweli. Ningependa awe amekosea, nipate wa kumfokea. Badala yake nilishukuru, nikatoka, nikakaa kwenye ngazi za ofisi na bahasha yangu mapajani. Nilikuwa nimechoka uchovu ule ambao hata kusimama kunahitaji mpango.

Mama wa kibandani alipoisikia habari hii alishangaa kuniona nikisitasita.

"Donc piga simu, waandike mama. Iko nguvu gani hapo? Kuzaa si kazi, kazi kulea."

Kwake ilikuwa rahisi. Hakujua kwa nini barua iliandikwa vile.

Siku ya kuandikisha ndoa yangu, karani alisoma jina la dada mahali pa mama. Nilikuwa msichana mwenye kichwa kigumu, na mama yangu, yule wa Masisi, nilianza kumsahau sura. Uchungu huo niliutafutia mtu wa kuutua, nikampata dada. Nilimwambia mbele ya wakwe: "We si mama yangu. Usijiite vile tena." Alinyoosha shela langu, picha zikapigwa. Nikajiapiza kwenda kurekebisha rejista wiki ile ile. Sikwenda, kwa uvivu tu, nao uvivu huo nimeuita shughuli kwa miaka kumi na tano. Yeye alilishika neno langu. Tangu siku ile, kwa mtu yeyote, mimi ni mdogo wake. Hata kwa daktari, akiwa na uvimbe kichwani.

Nilimpigia jioni. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Yaya, wanataka barua ingine. Uwaambie mi ni mutoto yako."



"We ulinikatazaka," alisema.

"Nilikukataza. Nilikosa. Sasa ninakuomba."

"Bon. Nitawaambia." Halafu akaniuliza, "Na we, ulishakula?"

Nililia kwa sauti, nikiwa mtu mzima wa miaka thelathini na nane. Majirani walisikia na nikawaacha wasikie.

Barua ya pili ilisema mgonjwa anamhitaji mtoto wake wa kwanza. Dada ana watoto watatu wa tumbo lake, na wa kwanza wao yuko chuo kikuu huko huko Lusaka. Shemeji alisema daktari alitaka kuandika "binti yake" tu, dada akamrudisha aandike upya.

Ofisa aliipokea, akasoma, akaangalia kompyuta, na safari hii hakurudi kwenye barua. Niliitwa Kigali kupigwa picha na kuwekwa alama za vidole. Basi lilipita Kanama, magunia ya viazi yamepangwa kando ya barabara, na mimi nimelaza kichwa kwenye kioo nikihesabu siku zilizobaki. Ziliisha haraka kuliko kona za barabara ile. Kwenye picha ya pasipoti ninaonekana kama mtu aliyekamatwa. Nilipokabidhiwa kile kijitabu sikufurahi hata kidogo. Nilitafuta tu pa kununua tiketi.

Nilifika Lusaka siku moja kabla ya muda wa madaktari kwisha. Walikuwa wamemnyoa nywele. Amekuwa mdogo kitandani, na sikuwa nimewahi kumwona mdogo. Nesi aliingia na fomu ya kusaini, akaniona, akamuuliza kwa Kiingereza mimi ni nani.

Dada alifungua kinywa, akasita. Kisha akanitazama mimi kwanza, kama mtoto anayengoja kukaripiwa. Yeye aliyenibeba mgongoni kutoka Masisi alikuwa ananiogopa. Aibu niliyoipata sijaipata tena.

Nilivua viatu nikapanda kitandani, nikamkumbatia na mirija yake yote. Nesi alikuwa bado anangoja jibu.

"Mimi ndiye mkubwa wa watoto wake," nilimwambia, kwa Kiingereza changu cha kuokoteza.

Dada akanyoosha mkono, akaomba kalamu.